Waya Nane Ndani ya Ukuta

Watu walimwita Bi Haraka, na hakuna aliyempa jina hilo kwa mapenzi. Alilipata shuleni, likamfuata kazini, likaingia naye kwenye ndoa na likatoka naye salama. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mbili, amerudi kuishi kwenye nyumba ya baba yake, na hata muuza maji wa mtaani alikuwa analijua. Kila mgeni aliyelisikia kwa mara ya kwanza alijiona ndiye mtu wa kwanza duniani kusema haraka haraka haina baraka. Bi Haraka alikuwa na jibu moja kwa wote: "Na polepole ina nini, zaidi ya kuchelewa?"

Kazi yake ilikuwa kuhariri video. Si za harusi, kama walivyodhani majirani waliotaka wafanyiwe hili na lile kwa bei ya ujirani. Alihariri masomo ya chuo cha ufundi: kuchomelea, useremala, mabomba, umeme. Kila somo lilipigwa kwa kamera tatu, moja kwa mwalimu, moja kwa mikono ya mwalimu, na moja kwa mkalimani wa lugha ya alama, kwa sababu nusu ya wanafunzi walikuwa viziwi. Kazi ya Bi Haraka ilikuwa kuzifunga hizo tatu ziende pamoja bila kupishana. Akikosea sekunde mbili tu, mkalimani anasema "zima mashine kwanza" wakati mwalimu ameshatia kidole. Kwa hiyo aliifanya kazi yake kwa umakini ambao hakuna aliyeutegemea kwa mtu mwenye jina lile.

Alifanyia kazi ghorofani, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa kimoja. Baba yake, fundi umeme mstaafu, alikikata katikati kwa ukuta wa mbao siku wanawe wawili walipomwambia kwamba wote wanataka kufanyia kazi nyumbani. Upande wa kulia ukawa wa Bi Haraka. Wa kushoto ukawa wa mdogo wake, mchoraji wa ramani za majengo, aliyekuwa akiishi hapo hapo chini na mkewe. Mzee alipima kwa futi mara tatu. Dirisha lilipotokea kuwa upande mmoja, alitoboa jingine upande wa pili, la ukubwa ule ule.

Huyo ndiye Mzee. Alizaliwa wa tisa kati ya ndugu tisa, akakua akilamba sufuria wakati wenzake wanapangusa midomo, akaapa kwamba akizaa, watoto wake hawatajua maana ya kupunjwa. Na kweli hawakuijua. Mkate ulikatwa sawa kwa sawa. Embe lilikatwa sawa kwa sawa na kokwa wakaambiwa walinyonye kwa zamu, huyu akihesabiwa na yule akihesabiwa. Kikibaki kipande kisichogawanyika alikila mwenyewe, ili pasiwe na kesi. Na kitu cha wote, alikuwa akisema, kikae mahali pa wote.

Ndiyo maana Ghala lilikaa sebuleni. Ghala ni jina walilokipa kisanduku cha diski kilichokuwa ndani ya kabati la sebule, ambamo Bi Haraka aliweka video zake na mdogo wake akaweka ramani zake. Vijana wa chuo walikuja asubuhi na kadi za kamera, wakazichomeka kwenye Ghala, wakaenda zao. Halafu Bi Haraka akapanda ghorofani na kuanza kuyavuta mafaili hayo kwa kebo iliyopita ukutani, na hapo ndipo siku yake ilipoharibika, kila siku.

Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa na namba inayoonyesha mwendo wa mafaili, megabaiti ngapi kwa sekunde. Ilipanda mpaka kumi na moja, ikakaa. Haikuwahi kuwa kumi na mbili. Somo moja lilichukua saa tatu kufika, na hapo hajagusa kitu, hajakata hata sekunde moja. Mtandao wa hewani ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sakafu ya zege ya Mzee ilikuwa nene kama ya benki. Bi Haraka alikaa mbele ya ile kumi na moja akaitukana. Alitengeneza chai, akanywa, akarudi, akaitukana tena.

Na upande wa pili wa mbao alimsikia mdogo wake akibofya. Bofya, bofya, bofya. Akibofya na kupiga mluzi.

Ukimsikia mtu anayepiga mluzi wakati wewe umekwama, huwezi kumfikiria mema. Miezi sita kabla ya mambo ninayoyaeleza, Bi Haraka alitoka kwenye chumba chake akasimama kwenye mlango wa mdogo wake, akamwambia yeye ndiye anayemaliza laini yote ya mtandao kwa ramani zake, na kwamba mtu anayekula cha mwenzake bila kusema ana jina lake. Jina lenyewe akalitaja. Mwizi.

Mdogo wake hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na hilo nalo lilimuudhi dada yake. "Dada," alisema, "mimi nami inanisumbua kama wewe. Nadhani ni wewe unayeijaza kwa video zako, lakini sijakuita jina. Ukiniita hivyo tena, nahama na mke wangu. Sitanii."

Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono ukutani. "Msinivunjie nyumba nikiwa hai," alisema. "Nikishakufa vunjeni."

Basi wakanyamaza. Tangu siku hiyo walizungumza kupitia kwa Mzee, au kwa mke wa mdogo wake, mwalimu wa chekechea aliyezoea watoto wasiotaka kushikana mikono. Na kila mtu ndani ya nyumba ile, mpaka Mzee mwenyewe, alijua kwamba limebaki neno moja tu. Likitamkwa tena, upande wa kushoto unabaki mtupu.

Bi Haraka alilijua hilo kuliko wote, na lazima nimpe haki yake hapa, maana baadaye sitampa. Hakutaka mdogo wake aondoke. Alikuwa amemlea huyo. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto ana saba, na yeye ndiye aliyemfunga viatu na kumpeleka shule akimburuta kwa mkono, maana hata wakati huo mtoto huyo alikuwa anachelewa. Kwa hiyo aliamua kuimaliza kesi kwa njia ya kiungwana. Angenunua kila kitu upya. Laini ikiwa pana, hakuna atakayekuwa na sababu ya kumwita mwenzake chochote, na mluzi ule angeweza hata kuuzoea.

Alivunja kibubu, akaenda duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyezungumza bila kuinuka kwenye kiti chake cha ofisi chenye magurudumu. Alikisukuma kwa miguu kutoka rafu hadi rafu. Bi Haraka akamweleza. Muuzaji akaicheka swichi yake ya mtandao, kile kisanduku chenye matundu kinachogawa laini, akasema ni ya enzi za Nuhu. Akampa mpya. Akampa Ghala jipya la diski nne, zilizopangwa hivi kwamba moja ikifa zilizobaki zinashika kazi yake. Akampa kebo fupi mpya za kuunganishia na kadi mpya ya kutia kwenye kompyuta.

"Mama, na hivi vitu utapaa," alisema. "Utafika hata kabla hujaondoka."

Jumamosi asubuhi Bi Haraka alipiga magoti mbele ya kabati la sebule na bisibisi mdomoni. Alifuta vumbi la miaka. Alihamisha mafaili yote kutoka Ghala la zamani kwenda jipya, yake na ya mdogo wake, na ramani za mdogo wake alizipanga kwa mwaka, jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kulifanya. Ukutani nyuma ya kabati palikuwa na kibao cheupe chenye matundu mawili, moja la chumba chake, moja la chumba cha mdogo wake. Mzee aliufunga ukuta huo kwa mkono wake mwenyewe na kupaka rangi juu ya kila kitu, misumari na yote, kama mtu anayefunga barua. Bi Haraka alichomeka kebo mpya kwenye matundu hayo mawili, akawasha. Taa ya Ghala ikawaka kijani. Taa za vyumba viwili zikawaka rangi ya chungwa. Hakujali taa. Alipanda ngazi mbili mbili.

Alichagua somo la mabomba, akalivuta. Namba ikaanza. Tatu. Saba. Kumi. Kumi na moja.

Ikakaa hapo.

Alisubiri. Aliifunga kompyuta, akaifungua. Kumi na moja. Alichomoa kebo, akachomeka. Kumi na moja. Upande wa pili wa mbao, bofya, bofya, na mluzi.

Alimpigia simu muuzaji. Muuzaji, ambaye bila shaka alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, alimuuliza kama vifaa vyote amefunga. Vyote. Na kompyuta haina virusi? Haina. Muuzaji akavuta pumzi. "Basi mama, vifaa ni vipya, kila kitu ni kipya. Hapo kuna mtu anakula laini. Uko na nani nyumbani?"

Mtu ambaye hajawahi kuiona nyumba yako, ambaye hata kuinuka hajainuka, anakwambia nani mwizi ndani ya nyumba hiyo, na wewe unaamini! Alikuwa na njia ya kujua ukweli. Angeibeba kompyuta yake chini, akaichomeka kwenye swichi kwa kebo fupi, akaangalia namba. Kazi ya dakika tano. Bi Haraka hakuwa na dakika tano. Alikuwa amekunja ngumi kwa miezi sita, na sasa alikuwa amepewa ruhusa na mtaalamu.

Alifungua mlango wa mdogo wake bila kubisha. Mdogo wake alikuwa kwenye meza, anachora paa la zahanati. Mkewe alikuwa amekaa dirishani na rundo la kadi za herufi anazokata. Mzee naye alikuwepo, ameleta kikombe cha chai, anakiweka taratibu kisimwagikie karatasi.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Bi Haraka alisema, na kila mtu aligeuka. "Nimenunua kila kitu. Nimepiga magoti tangu asubuhi. Mpaka takataka zako nimezipanga kwa mwaka! Na bado unakaa hapa unapiga mluzi na kula!"

"Dada, sivuti kitu. Nachora tu. Njoo uangalie."

"Siangalii."

"Njoo uone kwa macho yako, basi. Hakuna faili hata moja linalotembea hapa."

"Wizi hauhitaji kuangaliwa!"

Mdogo wake akaweka penseli chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hata hapo Bi Haraka angeweza kurudi nyuma. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema polepole. "Kazi zako zikichelewa, mimi. Ndoa yako ilipovunjika, nadhani vile vile ni mimi."

"Mwizi!" alisema Bi Haraka. Alilisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Mwizi, na ulikuwa mwizi tangu mdogo!"

Mkewe alisimama, kadi zikamwagika. Mdogo wake hakumtazama dada yake tena. Alimtazama Mzee. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri zamu yake ifike. Mzee alifungua mdomo, akaangalia ule ukuta wa mbao, akaangalia kikombe cha chai, akaufunga. Basi mdogo wake akahifadhi kazi yake, akazima kompyuta, akachomoa kebo ukutani na kuanza kuikunja.

Walihama Jumatano. Gari dogo la mizigo lilibeba kitanda, meza, kompyuta iliyozungushiwa blanketi, na masanduku ya kadi za herufi. Mwalimu wa chekechea alimkumbatia Mzee na kumwambia asisahau dawa zake za macho. Mdogo wake alisema, "Tumekwenda, Baba." Bi Haraka alikuwa ghorofani na mlango umefungwa. Alijiambia kwamba yuko kazini.

Gari lilipokata kona alikaa mbele ya kompyuta. Sasa laini yote ilikuwa yake peke yake. Alichagua somo la kuchomelea na kulivuta.

Kumi na moja.

Alitazama. Aliguna. Akatoka, akaingia upande wa pili. Chumba kilikuwa kitupu, na sakafuni palikuwa na alama ya mraba ambapo meza ilikaa. Tundu la ukutani lilikuwa wazi, halina kitu. Hapakuwa na mtu wa kula chochote. Alirudi kwenye kompyuta yake, akasimama badala ya kukaa, na namba ilikuwa pale pale, haikuongezeka hata nukta.

Ndipo alipozipata zile dakika tano. Aliibeba kompyuta chini, akaichomeka kwenye swichi kwa kebo fupi. Namba ikaruka: mia na kumi. Somo la kuchomelea, la saa tatu, likamalizika kwa dakika kumi na nane. Ghala lilikuwa zima, swichi ilikuwa nzima, kompyuta ilikuwa nzima. Kilichobaki ni ukuta.

Alichukua kisu cha jikoni akakata rangi kuzunguka misumari ya kile kibao cheupe, akakifungua, akakivuta. Nyuma yake alitegemea kuona kebo mbili, moja ya kila chumba. Palikuwa na moja. Kebo moja ya kijivu, ndani yake waya nane nyembamba, na mtu mwenye mikono ya ustadi alikuwa amezigawa: ya chungwa na ya kijani, pamoja na zile nyeupe zenye mistari ya rangi hizo, kwenye tundu lake, nne; ya buluu na ya kahawia, pamoja na nyeupe zao, kwenye tundu la mdogo wake, nne. Kila kiungo kimezungushiwa utepe, safi, bila hata waya moja kukosewa. Juu, ndani ya ukuta wa mbao, bila shaka palikuwa hivyo hivyo. Laini ya haraka inahitaji zote nane. Ukiipa nne inakwenda, lakini kwa mguu mmoja, na taa yake inawaka chungwa.

Mzee alikuwa uani, kwenye kigoda, anatengeneza pasi ya jirani. Bi Haraka alikichomoa kile kibao kwenye waya, akatoka nacho, akamtupia mapajani.

"Baba, hii nini?"

Mzee alikiokota, akakigeuza, na uso wake, Mungu anisamehe, ukakunjuka kwa fahari. "Ah. Kazi yangu hiyo."

"Kazi gani hii? Kebo moja?"

"Ilikuwa imebaki moja, na waya nane ndani. Taa nzima inawaka kwa waya mbili, mwanangu. Nane kwa mtu mmoja ni za nini? Nikawapa nne yeye, nne wewe. Sawa kwa sawa. Hakuna aliyepunjwa."

"Umetupunja wote wawili!" Alikuwa anapiga kelele, na jirani mwenye pasi, aliyekuwa amechungulia juu ya ukuta, akajificha tena. "Miaka mitatu! Miaka mitatu mimi nadhani ananilia laini, na yeye anadhani namlia, na wewe uko hapa na waya zako za sawa kwa sawa! Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza waya. Ulisema mwizi."

"Ndiyo, nilisema mwizi, na wewe ulikuwepo! Alikutazama! Kwa nini ulinyamaza, Baba?"

Mzee aliiweka pasi chini. "Kwa sababu nilikuamini," alisema. "Nilijua nimewapa sawa. Mkono wangu ndio uliogawa. Sasa kama mtu amepewa sawa na bado anapungukiwa, si lazima mwenzake amemlia? Nikafikiri, basi ni kweli. Nikafikiri mwanangu ni mwizi." Alipangusa macho yake yanayouma kwa mgongo wa kiganja. "Na yeye ameona nikifikiri hivyo."

Bi Haraka alitaka kumkasirikia zaidi, na hasira haikukubali. Ilimzunguka Mzee ikamkuta mdogo mno. Ikamwendea muuzaji wa vifaa, ikamkuta kwenye kiti chake. Ikarudi. Ikakaa kwake yeye, na hapo ikawaka kuliko ilivyowahi kuwaka.

Mzee akainuka, akachukua koleo. "Njoo nikuunganishie zote nane," alisema. "Mwenzako ameshaondoka. Sasa zote zako."

"Usiguse, Baba!" alisema, akamnyang'anya lile koleo mkononi. Halafu akaona aibu, akamrudishia, akaingia ndani.

Kesho yake saa nne asubuhi alikwenda. Mdogo wake alikuwa amepanga nyumba kwenye jengo refu nyuma ya soko, ghorofa ya tatu, mlango wa bati uliopakwa rangi nyekundu. Bi Haraka alibisha. Alikuwa hajawahi kubisha mlango wa mdogo wake tangu azaliwe.

Mdogo wake alifungua. Nyuma yake alionekana mkewe akipanga kadi za herufi kwenye dirisha jipya, na kompyuta ikiwa juu ya sanduku. Hakumkaribisha na hakumfukuza. Bi Haraka akaanza kueleza papo hapo mlangoni, kwa mwendo wake ule ule, kibao, kisu, kebo moja, waya nne huku na nne kule, utepe kwenye kila kiungo. Alipofika kwenye "taa nzima inawaka kwa waya mbili", akiiga sauti ya Mzee, mdogo wake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Nne nne!" alisema. "Mzee huyu! Amekata mtandao kama embe!"

Bi Haraka naye akacheka, machozi yakamtoka, na akaona kesi imekwisha. Kumbe alikuwa na haraka. "Kosa langu," alisema. "Nimekosa, mdogo wangu, nimekosa kabisa. Basi rudini. Nimeshaongea na fundi, tunavuta kebo mbili, nane zako, nane zangu. Mpaka Jumamosi kila kitu tayari."

Mdogo wake akaacha kucheka. Hakukasirika. Bi Haraka angependa akasirike.

"Dada, ya waya nimesamehe," alisema. "Hata hayana wa kusamehewa. Mzee hakujua, wewe hukujua, mimi sikujua. Lakini waya haikukufundisha lile neno. Lilikuwa tayari mdomoni, linasubiri sababu. 'Tangu mdogo,' ulisema. Tangu mdogo nilikuwa na wewe tu."

Bi Haraka aliushusha mkoba wake begani, akaupandisha tena; watu walikuwa wanashuka ngazi, mtoto akiita ghorofa ya chini.

"Kwa hiyo hurudi," alisema.

"Sirudi. Jumapili nitakuja kumsalimia Baba." Alisita, mkono kwenye kitasa. "Ukiwepo, uwepo."

"Nitakuwepo," alisema Bi Haraka, na mdogo wake akaufunga mlango taratibu.